MITI NA WATU: Mgunga wa Turkwel na Gunia la Makaa

Mtu ashukaye kutoka Kitale kwenda Lodwar huiacha nyuma baridi ya milima na mashamba ya mahindi, akaingia katika nchi ya mawe, mchanga na jua. Mvua ya Lodwar kwa kawaida haifiki milimita 250 kwa mwaka mzima, na iko miaka ambayo hunyesha kidogo kuliko hivyo. Hata hivyo, akaribiapo mji, msafiri huona ukanda wa kijani ulionyoka katikati ya ukame. Huo ndio msitu wa mto Turkwel, mto uanziao katika mlima Elgon na kwenda kumwaga maji yake katika Ziwa Turkana.

Katika msitu huo mti ulio mkuu ni mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi. Asiyeujua huona miiba tu. Mwenyeji huona ghala. Kivuli chake ni baraza la wazee. Majani yake ni chakula cha ngamia na mbuzi. Matawi yake ya miiba ni ua wa zizi. Tawi lililokauka ni kuni. Zaidi ya hayo yote, katika miezi ya kiangazi, majani yakiisha kabisa mbugani, mgunga huangusha maganda yake ya mbegu, yaitwayo ngitit, na maganda hayo huwatia mbuzi nguvu na maziwa hata mvua irudi. Wazee wa Kiswahili walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa mfugaji wa Turkana, rafiki huyo ni mti.

Leo rafiki huyo yumo hatarini. Wala hatari yenyewe haitoki kwa mtu mmoja mwovu, ambaye angekamatwa na askari shauri likaisha. Yatoka kwa mambo mengi yaliyokutana mahali pamoja: mji uliokua, kambi kubwa iliyofunguliwa, mto uliozuiwa kwa bwawa, na mti mgeni uliopandwa kwa nia njema. Kila jambo kati ya hayo lilikuja na faida yake. Yafaa basi yaangaliwe moja moja, ili ijulikane lipi la kurekebishwa na namna ya kulirekebisha.

Mji ulivyokua

Zamani za ukoloni Lodwar ilikuwa kituo kidogo cha utawala. Wilaya nzima ya Turkana ilikuwa imefungwa, na mgeni hakuruhusiwa kuingia pasipo kibali. Serikali ya siku zile ilipatumia kuwa mahali pa kuwaweka watu iliotaka wawe mbali na macho ya wenzao. Jomo Kenyatta mwenyewe aliwekwa Lodwar tangu mwaka 1959 hadi 1961, baada ya kifungo chake cha Lokitaung. Kwa watu wachache wa kituo kama hicho, kuni zilizoanguka zenyewe msituni zilitosha.

Mambo yaligeuka baadaye. Katika miaka ya 1979 hadi 1981 ukame, maradhi ya mifugo na uvamizi wa wezi wa ng'ombe vilikutana, na maelfu ya wafugaji waliopoteza wanyama wao wakaja katika vituo vya chakula. Wengi wao hawakurudi tena mbugani, maana hawakuwa na mnyama wa kurudi naye. Katika miaka ya 1980 barabara ya lami kutoka Kitale ilifika Lodwar kwa msaada wa Norway. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa katika bonde la Lokichar, na mwaka 2013 Lodwar ikawa makao makuu ya serikali ya kaunti. Maofisi yakajengwa, nyumba za wageni zikafunguliwa, na watu wa kutoka pande zote za Kenya wakaja kutafuta kazi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 926,976 katika kaunti yote, na katika mji wa Lodwar peke yake watu zaidi ya 80,000.

Kukua kwa mji si dhambi. Mtoto wa mchungaji aliyesoma na akawa karani, mwalimu au mwuguzi ni faida ya kukua huko. Lakini watu 80,000 lazima wale, na chakula lazima kipikwe. Katika nyumba nyingi za Lodwar moto wa kupikia ni wa makaa au wa kuni. Tena maji ya mji hutoka katika visima virefu vilivyochimbwa karibu na mto huo huo, ambao mafuriko yake hujaza maji ya chini ya ardhi. Mji basi hukaa juu ya mto kama mtoto mgongoni mwa mama. Haufai kuung'oa msitu unaoshika kingo za mto huo.

Hesabu ya gunia moja

Watu wengi hulitazama gunia la makaa wasiuone mti uliomo ndani yake. Hesabu yake si ngumu. Katika tanuri la kienyeji, yaani kuni zilizopangwa shimoni au juu ya ardhi na kufunikwa kwa majani na udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa makaa ya kilo 10 hadi 20 tu. Sehemu iliyobaki hupotea kwa moshi na mvuke. Gunia la kilo 35, kwa hiyo, limekula kuni za kilo 175 kwa uchache, na yaweza kuwa limekula kilo 350. Ichukuliwe kwamba nyumba moja hutumia magunia mawili kwa mwezi. Kwa mwaka ni magunia 24, nayo ni kuni za kilo 4,200 hadi 8,400. Hiyo ni nyumba moja tu.

Lakini ni nani achomaye makaa hayo? Mara nyingi si tajiri. Ni mama ambaye mbuzi wake wamekufa katika ukame, na watoto wake wanamtazama. Hana shamba, hana mshahara. Ana panga, na mti u mbele yake. Akichoma gunia moja na kulibeba mpaka barabarani, jioni watoto watakula. Ukimwambia kwamba mgunga umechukua miaka mingi kukua, atakubali upesi, kwa kuwa alijua hayo kabla yako. Babu yake ndiye aliyemfundisha. Kosa lake si ujinga, bali ni ukosefu wa njia nyingine. Amri yoyote ya kuhifadhi miti isiyomfikiria mama huyu itavunjwa usiku, na makaa yatasafirishwa chini ya mizigo mingine.

Desturi ya ekwar

Wageni wengi waliofika Turkana walidhani kwamba miti ya huko haina mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa kubwa. Kandokando ya Turkwel na ya mito ya msimu, Waturkana wana desturi iitwayo ekwar. Kwa desturi hiyo, kipande fulani cha ukingo wa mto, pamoja na miti iliyo juu yake, hutambuliwa kuwa ni cha nyumba fulani. Mwenye ekwar ndiye mwenye haki ya kwanza ya maganda ya migunga yake wakati wa kiangazi. Wengine huomba ruhusa, na mara nyingi hupewa. Lakini anayeingia bila kuomba na kuitikisa miti hushtakiwa mbele ya wazee. Kukata mti mzima mbichi katika ekwar ya mtu ni jambo la ugomvi mkubwa. Haki hiyo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa watoto, na hulindwa maadamu wenyewe wanaendelea kuitumia.

Mtaalamu wa misitu Edmund Barrow, aliyefanya kazi Turkana katika miaka ya 1980, aliieleza desturi hiyo kwa maandishi mwaka 1990, akaonyesha kwamba ilikuwa imeihifadhi miti ya mto vizuri kwa kuwa kila mti ulikuwa na mtu wa kuuonea uchungu. Jambo hilo lafaa lifikiriwe na kila mkulima. Shamba lenye mwenyewe hupaliliwa. La wote huliwa na nyani. Msitu wa Turkwel haukudumu kwa bahati. Ulidumu kwa sababu ulikuwa na wenyewe na ulikuwa na mahakama yake, yaani baraza la wazee chini ya mti.

Mji ulipokua, mahakama hiyo ilipungukiwa na nguvu. Mchoma makaa aliyetoka mbali hamjui mwenye ekwar, na mzee wa ekwar hana askari. Kilimo cha umwagiliaji, kilichoanzishwa kando ya Turkwel katika miaka ya 1960 na 1970, nacho kilifyeka sehemu za msitu na kugawa upya ardhi ambayo zamani ilikuwa na wenyewe. Hivyo mti uliokuwa wa fulani ukawa wa Serikali katika maneno, na wa mwenye panga katika vitendo.

Mbuzi alivyosingiziwa

Kwa miaka mingi maofisa na wataalamu walimtupia mbuzi lawama yote. Walisema mbuzi hula kila chipukizi, na kwamba mfugaji akipunguza mifugo yake jangwa litarudi nyuma. Ni kweli kwamba mifugo mingi ikifungwa mahali pamoja karibu na mji au kisima, huikanyaga ardhi ikawa tupu. Lakini habari nzima ni tofauti.

Mwaka 1995 wataalamu wawili, Robin Reid na James Ellis, walitangaza uchunguzi walioufanya kusini mwa Turkana. Waligundua kwamba miche ya mgunga huota kwa wingi ndani ya mazizi yaliyohamwa. Sababu yake yaeleweka kwa urahisi. Mbuzi hula maganda ya mgunga, na mbegu ngumu hupita tumboni bila kufa. Usiku mbuzi hulala zizini, na mbegu huanguka pamoja na samadi. Mfugaji akihama, kama ilivyo kawaida yake, huacha nyuma duara la ardhi yenye rutuba na yenye kushika unyevu, limejaa mbegu. Mvua ikinyesha vizuri, migunga midogo huchipuka pale palipokuwa na zizi, na baada ya miaka pana kichaka.

Mfugaji anayehama, kwa hiyo, alikuwa mpanda miti bila kuitwa hivyo. Kinachoharibu ardhi ni kuhama kunapokoma; zizi lisilohamwa halioti mti. Kwa sababu hiyo, mipango ya kuwakusanya wafugaji mahali pamoja, hata ikiwa ni kwa ajili ya shule na maji, haina budi kufikiria pia miti itakayokuwapo mahali hapo baada ya miaka kumi.

Mto uliofungwa

Katika miaka ya 1986 hadi 1991 bwawa kubwa lilijengwa katika korongo la Turkwel, juu ya nchi tambarare. Ukuta wake una urefu wa meta 153 kwenda juu, na mitambo yake yaweza kutoa umeme wa megawati 106. Umeme huo ulikuwa faida kubwa kwa Kenya, ijapokuwa kwa miaka mingi Lodwar yenyewe iliendelea kuwashiwa taa kwa mitambo ya dizeli.

Lakini msitu wa mto huishi kwa mafuriko. Maji yakifurika hupanda kingoni, huacha udongo mpya, hulowesha ardhi chini sana, na mbegu hupata mahali pa kuota. Bwawa likiyashika maji na kuyatoa kidogo kidogo, mafuriko hupungua. Mgunga mzee wenye mizizi mirefu huendelea kusimama, na mtazamaji hudhani kwamba mambo ni mazuri. Ila chini yake hakuna watoto. Wachunguzi wa Norway na wa Kenya walilieleza shaka hilo mwaka 2005 baada ya kuutazama msitu wa Turkwel sehemu baada ya sehemu. Msitu usio na miche ni kama kijiji kisicho na watoto. Dawa yake inajulikana: wenye kulisimamia bwawa huweza kuachilia maji mengi kwa makusudi katika majira yaliyochaguliwa, ili mto ufurike kwa kiasi kama zamani.

Mgeni aliyekaribishwa

Baada ya njaa ya mwanzo wa miaka ya 1980, Serikali pamoja na wafadhili waliona kwamba mchanga unasogea na miti inakwisha. Walitafuta mti ukuao upesi, usioogopa chumvi wala ukame, na usioliwa majani na mbuzi. Waliupata: ni mti wa asili ya Amerika uitwao na wataalamu Prosopis juliflora, na ambao Wakenya wameuzoea kwa jina la mathenge. Ulikwisha kujaribiwa huko Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1973, katika kazi ya kuotesha miti kwenye machimbo ya saruji. Katika miaka ya 1980 ukapandwa Baringo, Tana River na Turkana. Watu walichimba mashimo, wakapanda miche, wakalipwa chakula. Nao mti haukuwaaibisha waliouleta, uliota.

Kwa muda ulikuwa kama methali isemavyo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ulitoa kivuli, ulizuia upepo, ulishika mchanga, ulitoa kuni. Tatizo ni kwamba haukubaki ulipopandwa. Maganda yake ni matamu kwa sukari, na mifugo huyapenda. Ikiyala, mbegu hupita tumboni kama zile za mgunga na kusambazwa kila mahali. Mti ukikatwa, kisiki huchipua matawi mengi kuliko yale ya kwanza. Mizizi yake hufuata maji ya chini sana. Kandokando ya Turkwel umeingia mahali penye unyevu, ukafanya vichaka visivyopitika, na kunyima nafasi ile miche michache ya mgunga iliyobakia. Miiba yake huchoma miguu ya watu na kwato za wanyama, na jeraha lake huumiza siku nyingi.

Huko Baringo Wailchamus waliona mbuzi wao wakipoteza meno kwa kula maganda yale siku zote. Mwaka 2006 walikwenda mahakamani Nairobi kuishtaki Serikali, na mbuzi asiye na meno alipelekwa mbele ya mahakama awe ushahidi. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza mathenge kuwa ni magugu mabaya kwa mujibu wa sheria. Mti uliopandwa kwa fedha za umma ukawa mti ambao mwenye shamba apaswa kuung'oa.

Fundisho la mathenge si kwamba kila mti wa kigeni ni adui. Mwarobaini nao ni mgeni, nao leo huwapa kivuli watu wengi wa Lodwar na Kakuma. Fundisho ni kwamba mti usichaguliwe kwa wepesi wake wa kuota peke yake. Ni lazima kuuliza: mbegu zake husambaa vipi, ukikatwa hufanyaje, na ni nani atakayeudhibiti fedha za mradi zitakapokwisha?

Kambi ya Kakuma

Kakuma iko kaskazini magharibi ya Lodwar, karibu na mto wa msimu wa Tarach. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Sudan, miongoni mwao vijana wengi waliotembea kwa miguu bila wazazi. Baadaye walikuja wengine kutoka Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Katika miaka ya 2015 na 2016 makazi mapya ya Kalobeyei yaliongezwa. Kambi na makazi hayo kwa pamoja yamefikisha watu zaidi ya 200,000, katika nchi ambayo zamani ilipitwa na wafugaji wachache kwa majira.

Wakimbizi waligawiwa chakula kibichi, na chakula kibichi hutaka moto. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wakimbizi walikatazwa kwenda kukata miti nje, kwa kuwa miti ile ilikuwa ya wenyeji na mifugo ya wenyeji yaitegemea. Wanawake walioondoka kambini kutafuta kuni waliweza kupigwa au kutendewa maovu njiani. Mashirika yalibuni mpango: kuni zikusanywe na wenyeji, zinunuliwe, kisha zigawiwe kambini. Kwa mpango huo mwenyeji alipata fedha na mkimbizi alipata kuni, na ilikusudiwa kwamba miti mikavu tu itumike. Katika miaka ya karibuni kazi hiyo imefanywa na shirika la wenyeji liitwalo LOKADO. Shirika la Ujerumani la GTZ, kabla ya jina lake kugeuzwa mwaka 2011, lilisimamia vitalu vya miche, majiko ya kupunguza kuni, na maeneo yaliyozungushiwa ua ili miti ikue bila kuguswa.

Hata hivyo kuni za mgao hazitoshi, na soko hujaza pengo. Mama wa Kiturkana huleta kuni au makaa kambini, na mama mkimbizi humpa unga au mafuta kutoka katika mgao wake. Wote wawili hupungukiwa ili wote wawili wapate. Mgao wa chakula ukipunguzwa huko ng'ambo, unga wa mama mkimbizi hupungua kambini, na mama Mturkana hulazimika kuchoma magunia mengi zaidi ili apate kile kile alichokuwa akipata. Ndivyo mgunga wa Tarach unavyoangushwa na uamuzi uliofanywa na watu wasiopata kuuona.

Jambo la kufanywa

Kwa kuwa chanzo cha madhara si kimoja, dawa nayo haiwezi kuwa moja. Lakini yako mambo ambayo yamekwisha kujaribiwa na ambayo mtu yeyote mwenye nia aweza kuyaanza.

Kwanza, makaa yachomwe kwa mathenge, na mgunga uachwe. Kuni za mathenge ni ngumu na makaa yake ni mazuri. Kanuni za Makaa za mwaka 2009 zimeruhusu wachomaji kujiunga katika vyama na kupewa kibali. Chama cha namna hiyo kikipewa eneo la mathenge, mama aliyetajwa juu hapati tena sababu ya kuuangusha ewoi. Lakini lazima kuwe na ukaguzi wa haki. Katika nchi ya Waafar, Ethiopia, vyama vya ushirika viliruhusiwa kuchoma makaa ya mathenge, na baadaye ikaonekana kwamba miti ya asili nayo iliingizwa tanurini, kwa kuwa makaa yakishatiwa guniani si rahisi kuyatofautisha. Ukaguzi basi ufanywe msituni kwenye tanuri, na wakaguzi bora ni wenye ekwar wenyewe.

Pili, atakayekata mathenge aukate chini ya uso wa ardhi, karibu sentimeta 10 au zaidi, ili kisiki kisichipue. Akiukata juu ya ardhi amefanya kazi ya kupogoa tu. Mche mdogo uliochipuka bombani, njiani au uani ung'olewe kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Samaki mkunje angali mbichi. Mathenge wa mwaka mmoja ni kazi ya mtoto, na wa miaka mitano ni kazi ya wanaume wenye mashoka.

Tatu, maganda ya mathenge yaokotwe na kusagwa kabla ya kulishwa mifugo, tena yachanganywe na chakula kingine. Kusaga kunaua mbegu, na kuchanganya kunayaokoa meno. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, imefanya kazi ya kufundisha matumizi ya namna hiyo. Hapo adui hugeuzwa akiba ya kiangazi.

Nne, jiko libadilishwe. Jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, huweza kupunguza makaa kwa theluthi moja hata kukaribia nusu, kwa kulinganisha na jiko la bati tupu. Karani wa Lodwar anayenunua jiko hilo hujilipa mwenyewe kwa makaa asiyoyanunua. Apikaye maharagwe na ayaloweke usiku. Haya nayo ni uhifadhi wa msitu, ijapokuwa hayaandikwi katika ripoti yoyote.

Tano, haki ya ekwar iandikwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango kwa jamii kusajili ardhi yao na kuweka kanuni za kuitumia. Wazee waketi na vijana waliosoma. Mzee aonyeshe mpaka, kijana auandike. Ni aibu kwa msomi kujua sheria za mbali na kutojua mti gani ni wa shangazi yake. Desturi isiyoandikwa hupuuzwa na mwenye hati, na hati iliyotengwa na desturi huleta vita.

Sita, apandaye mti apande akijua ni nani atakayeumwagilia. Katiba ya mwaka 2010 imeitaka Serikali ifanye juhudi ya kufikisha miti katika sehemu 10 kwa mia za nchi. Katika nchi ya Lodwar, njia nafuu kuliko kununua miche elfu ni kulinda miche iliyoota yenyewe: kulizungushia ua zizi la zamani, na kuzuia mifugo kwa misimu michache mpaka migunga izidi kimo cha mbuzi. Mbuzi amekwisha kupanda. Kilichobaki ni mtu kungoja.

Kazi ya kungoja ni ngumu kwa mwenye njaa, na hilo ndilo kiini cha shauri lote. Mama mwenye panga hawezi kungoja miaka ishirini ikiwa watoto wake hawajala leo. Mjini wapo wenye mshahara, wapo wafanya biashara, yapo mashirika na ofisi, na wote hao hupikiwa kwa makaa yake. Wao ndio wenye uwezo wa kuuliza, kabla ya kulipa, gunia hili limetoka kwa mti gani. Swali hilo likiulizwa kila siku katika soko la Lodwar na la Kakuma, mchoma makaa atalijibu kwa kubadili mti. Lisipoulizwa, ataendelea kukata ulio karibu, na ulio karibu mara nyingi ni mgunga.